Maneno ya Kaburini, Ukurasa wa 212

Shangazi yangu Adelheid Zwar, wa hapa Tanunda, mji wa walowezi wa Kijerumani Australia, alikuwa na kazi isiyo na jina. Colin Prowse wa Sydney aliandika riwaya za vita kwa Kiingereza, na Wajerumani wake waliongea kama kamusi iliyoangukiwa na kabati. Kwa miaka kumi na moja Shangazi aliwanyoosha, kalamu nyekundu mkononi, mtungi wa matango ya siki kando. Hakuachia kosa hata moja. Hata mchungaji alisahihishwa Kijerumani chake mlangoni mwa kanisa.

Mwaka 1974 Prowse aliandika: nipe kitu ambacho mtu husema nyumbani kwake, si cha vitabuni. Shangazi, kwa moyo mweupe, akampa kauli ya babu alipokuwa akizima taa ya watoto: „So, Kinder, jetzt ist Ruh.“ Haya wanangu, sasa kimya. Vita vya Kwanza vya Dunia babu alifungwa kambini kwa kosa la kuwa na jina la Kijerumani, akarudi na kifua kibovu, na kauli ile ile. Ndiyo iliyochongwa kaburini kwake.

Miezi minne baadaye kurasa za majaribio za riwaya mpya zikaja kusahihishwa. Macho ya Shangazi yalishachoka, kwa hiyo nilimsomea mimi. Ukurasa wa 212 kanali mtesaji anamaliza kazi yake kwa mateka wawili, anawatazama sakafuni, anazima taa. Nikaishia hapo, nikaufunika ukurasa kwa kiganja.

“Umemeza ulimi, msomi wa nusu?”

“Shangazi, tule keki kwanza.”

“Soma.”

Nikasoma: „So, Kinder, jetzt ist Ruh.“ Kalamu ilimponyoka ikabingirika hadi kwenye mtungi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa keki. Mimi, mwenye mzaha hata msibani, nikainama kuiokota.

“Kinywani mwa yule mtesaji,” akasema. “Maneno ya baba yangu.”

“Mwandikie aifute. Mwambie ni ya nani.”

“Akijua ni ya baba ataipenda zaidi. Nawajua waandishi, wewe.”

“Na kaka yako Reinhold? Kauli ya baba yenu anaijua. Hununua kila kitabu cha Prowse.”

“Ndiyo maana nakwambia nyamaza, nifikiri.”

Akauvuta ukurasa karibu na macho. Kisha akaikata kauli ya baba yake kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika amri ya kijeshi ya Kijerumani, ngumu kama ubao, ambayo hakuna mtu aliyezaliwa na mama angeitamka. Pembeni: “Nilikosea. Hakuna Mjerumani asemaye hivyo.” Kwa miaka kumi na moja, hilo ndilo kosa la kwanza aliloliandika, tena kwa makusudi.

Prowse akashukuru. Kitabu kikatoka, Reinhold akakisoma chote huku akitafuna, akasema kanali ni mnyama, akaomba matango zaidi.

Kisha mwalimu mmoja wa Kijerumani mjini Adelaide akamwandikia Prowse: ukurasa wa 212 kanali anaongea kama tangazo la reli, mshauri wako hajui Kijerumani. Prowse akamtumia Shangazi barua hiyo, na yake fupi: amepata msahihishaji mwingine.

Shangazi akanitaka nimsomee mara mbili.

“Mwalimu yuko sahihi,” akasema, akafunika kalamu nyekundu.

“Utamjibu?”

“Nimjibu nini? Nipe mkasi. Jumapili maua ya kaburini kwa baba yanataka kubadilishwa.”