Vyuma Viwili Vilivyofanana

Mtoto wa marehemu dada yangu alikaa kwangu miezi mitatu, akifanya mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya kupima vyuma. Tulimwita Sindano kwa wembamba wake. Vyuma hivyo, alinieleza, ni vya mitambo ya nyuklia ya baadaye, itakayokuwa na joto kali kuliko ya sasa. Kipande kinaning'inizwa ndani ya tanuri, kinavutwa polepole miezi na miezi, wao wanapima kinavyorefuka.

"Kinarefuka kiasi gani, mwanangu?"

"Kwa siku? Hata unene wa unywele haufiki, mamdogo."

"Kumbe masomo yote yale ni ya kutazama unywele."

Alicheka, macho yakiwa mbali. Jioni alikaa hivyo hivyo, chai imepoa mkononi. Alisema akifumba macho anauona ule mwanga mwekundu wa tanuri, na mvumo wake unamfuata kama sauti za watu wanaosali mbali.

Siku moja alirudi akakiacha chakula. Alikuwa amevisugua vipande viwili kwa spiriti mpaka vikang'aa, na namba za wino zikafutika. Kimoja cha chuma cha zamani, kingine cha chuma kipya, na vinafanana kama pacha. Kesho yake asubuhi vilitakiwa viingie tanurini, naye hajui kipi ni kipi.

"Nikikisia, hakuna atakayejua. Nikisema, mkuu wa maabara asiponisainia fomu ya mafunzo, narudia mwaka."

Mimi niliishia darasa la saba, vyuma sivijui. Nikamuuliza tu, "Mtambo wenyewe utakuwa karibu na watu?"

"Utakuwa karibu, mamdogo."

Usiku niliposali nilimtaja kwa Mungu, na Sindano mwenyewe alikuwa papo hapo anasikia.

Asubuhi alisema ukweli kazini. Mkuu wao, mama mmoja mpole wa maneno machache, akavitumbukiza vile vipande kwenye kopo la vipande visivyojulikana. Halikuwa tupu.

"Hicho chenye kutu ni changu," akasema. "Nilikuwa mwanafunzi kama wewe. Kakate vingine, na namba ukwangue kwa msumari, wino uachane nao."

Fomu aliisaini siku ya mwisho ya mafunzo, vipande vipya vikiwa bado tanurini.

Sindano yuko chuoni sasa. Juzi alinipigia. "Bado vinavutwa, mamdogo. Havijakatika."

Nikifagia uani huwa naviona, viwili katika ule mwanga mwekundu, vinarefuka taratibu bila kelele. Siku hizi navitaja navyo ninaposali.