Ufunguo wa Kamba

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina ngazi kali, na magoti yangu yalizeeka kabla yangu. Kwa hiyo mtu akibisha hodi, mke wangu hufungua dirisha la ghorofani akauliza, "Nani?" Akitaja jina lake, huteremshiwa ufunguo kwa kamba, afungue mwenyewe. Akijibu "Mimi", kamba haishuki. Ndiyo adabu niliyofundishwa kwenye chuo cha Kurani, nami nikaja kuwafundisha watoto wa watu: anayebisha hodi ajitaje.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, binti yetu aliyeolewa Maskati alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe akaahidi kututumia picha ya mtoto kwa barua pepe. Nikafunguliwa sanduku langu la barua hizo kwenye duka la intaneti jirani na msikiti, nikachagua neno la siri, na tangu hapo nikishaswali Alasiri nilikwenda huko kama mtoto aliyepewa hela ya ubuyu. Barua iliandikwa Maskati asubuhi, mimi nikaisoma jioni. Nilimshukuru Mungu kunibakisha nikayaona hayo.

Siku tuliyopigiwa simu kuwa binti kajifungua salama, mtoto wa kiume, na picha imo njiani, mke wangu alinifuata dukani. Hakutaka kusimuliwa.

Picha haikuwapo. Palikuwa na barua moja tu, ya Kiingereza, herufi nyekundu. Nikamfasiria: sanduku langu litafungwa leo na vyote vilivyomo vitapotea, isipokuwa nikiandika jina, tarehe ya kuzaliwa na neno langu la siri.

Picha imo njiani, na hawa wanafunga mlango. Nikaanza kuandika.

"Ngoja kwanza, bwana," akasema mke wangu. "Nani anayasema hayo?"

"Wenye sanduku."

"Wenye sanduku ndo nani? Wamejitaja?"

Nikatazama mwisho wa barua. "Wameandika, 'Sisi wahusika.'"

"Sisi!" Alicheka mpaka buibui likamteleza kichwani. "Na wewe mwalimu mzima. Wangekuwa chini mlangoni, ungewateremshia ufunguo?"

"Na wakilifunga kweli? Picha hutoiona."

"Nshangoja miezi tisa. Ntashindwa kungoja mpaka kesho? Futa."

Nikafuta herufi zote. Mwenye duka, nilipomwonyesha, alisema wenye sanduku wa kweli hawamuulizi mtu neno lake la siri. Ukiingiwa na wasiwasi, akasema, ingia kwa njia yako ya kila siku, usipite mlango unaoonyeshwa na barua. Baadaye nikasikia kuwa rafiki yangu wa Kiembe Samaki alikuwa ameijibu barua kama ile, na jamaa zake walikuwa wakiombwa pesa kwa jina lake, naye hana habari.

Kesho yake sanduku lilifunguka kama kawaida. Barua ya mkwe wetu ilikuwamo. Picha ilishuka polepole, mstari kwa mstari: paji la uso, macho yaliyofumbwa, kisha ngumi ndogo chini ya kidevu. Mke wangu alinishika bega.

Chini ya picha mkwe wetu alikuwa ameandika jina la mtoto, la baba yake na la babu yake mzaa baba. Nililisoma lile la kwanza kimya, nikalirudia. Lilikuwa jina langu.

"Nani huyo?" akauliza mke wangu, kama aliye dirishani.

Nikamsomea yote matatu.

"Huyo kajitaja," akasema, huku akijifuta macho kwa ncha ya buibui. "Mteremshie."