Mama Bisibisi Kwenye Maonyesho ya Sayansi

"Umemuua mwanangu! Umemzika mzima mbele ya shule nzima!"

Baba mtu ndiye aliyekuwa anafoka, na huyo marehemu wake, bintiye, kasimama pale pale, anajifuta kamasi.

Aliyefokewa ni Mama Bisibisi, mhandisi wa pampu za maji kwa miaka thelathini. Chama cha wahandisi kilimtuma achague mwanafunzi mmoja wa kupewa zawadi yao maalumu. Maelezo matamu ya kwenye mabango hana habari nayo. Yeye hukupa bisibisi tu: "Fungua, kisha funga." Pampu ya huyu binti ilizishinda zote kwa uzuri, ila mwenyewe hakujua hata aanzie wapi. Aliyeiunda ni baba.

Baba akapindua meza, vioo vikapasuka. Akamkaba Mama Bisibisi koo, akamgonga kichwa ukutani mara mbili, damu ikachuruzika mpaka kwenye fomu ya alama. Mama naye si wa kuonewa. Alimshindilia ngumi ya pua, jitu zima likakaa chini puu! Walimu wawili wakalikalia.

Mama akapangusa fomu kwa kiganja, akaandika jina la mwanafunzi mwingine, akasaini.

Binti akamshika mkono. "Mama, mimi nilitengeneza kengele ya mlango, mwenyewe. Baba akaiponda kwa nyundo, eti takataka. Ningeileta hiyo, ungenipa?"

Mama Bisibisi akamtazama. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda zake.