Damu Isiyotoka kwa Brashi

Jumamosi za utoto wangu zilinuka mafuta ya mbuzi na sabuni ya kipande. Mama alisafisha matumbo kwenye machinjio ya Kiamaiko, na Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa akisalimia waumini kwa mkono. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni nilimsugua kucha kwa brashi. "Sugua bila huruma, mama," aliniambia. "Kesho namsalimia mke wa pasta." Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka kumi na mmoja, niliona vistari vyembamba vya damu chini ya kucha zake tatu, kama vibanzi vya mti. Havikutoka. Jumamosi iliyofuata niliongeza majivu, kisha mafuta ya taa. Siku hizo Mama alikuwa akipata homa kila jioni, na tulikuwa tumenunua dawa ya malaria dukani. Homa ikashuka, ikarudi. Ngazi za ghorofa mbili alizipanda kwa vituo.

Mama Akinyi, jirani yetu aliyefagia wodi hospitalini, alinikuta nikisugua.

"Wewe, unamchuna mamako?"

"Ni damu ya mbuzi."

"Mbuzi gani huchinjwa ndani ya ukucha? Mama Wanjiku, kesho hospitali."

"Kesho ni kanisa," Mama akajibu. "Na Jumatatu ni kazi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi hatukuyaficha, tuliyaona uchafu. Jumamosi ya tatu nilisugua tena. Jumatatu yake Mama alishindwa kuinua karai, ndipo tukaenda. Daktari aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu, akaomba mikono, akasema vijidudu vimeshika vali ya moyo, na dalili yake ni hiyo damu ya kwenye kucha. "Hivi vistari vilianza lini?" Mama hakujua. Alinigeukia mimi. Alifariki siku ya tisa wodini.

Nimesoma sana tangu hapo, peke yangu, vitabu vya mitumba. Najua mara nyingi vistari hivyo huletwa na kugongwa tu, na kwamba vikija pamoja na homa havingoji. Mwezi jana, nikiwa nimeshaupita umri wa Mama, niliona kimoja chini ya ukucha wa kidole gumba changu. Nilienda kliniki ya Donholm asubuhi hiyohiyo. Daktari, msichana mdogo, aliuliza kuhusu homa, akasikiliza kifua, akapima damu. "Uligonga mahali, mama. Lakini umefanya vizuri kuja." Sikumaliza hata saa mbili mle ndani. Mama alikuwa na Jumamosi tatu, nami nilizimaliza kwa brashi.