Filimbi Yangu ya Mazoezi Nyamiaga

Mpaka leo naona aibu kupita Nyamiaga mchana.

Mimi hufundisha mazoezi watu wa ofisini hapa Ngara mjini. Wiki iliyopita nilikuwa na Bwana Leonidas, afisa anayejiandaa kwa mbio za watumishi. Kuruka kamba alishazoea, kupanda kilima pia, kwa hiyo nikambadilishia zoezi. Tungeshuka hadi kijiji cha Nyamiaga alfajiri. Nikipuliza filimbi akimbie kwa nguvu zote, nikipuliza tena atembee.

Nikapuliza. Leonidas akachomoka katikati ya migomba, mimi nyuma yake nikipaza sauti, "Ongeza! Ongeza!"

Mlango wa kwanza ukafunguka, akatoka mzee na fimbo.

"Shikamoo," nikasema nikipita.

Badala ya marahaba, akaanza kukimbia nasi. Hapo ndipo nilipokumbuka, mimi mzaliwa wa huku, kwamba filimbi ya saa hizo ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji, na maana yake ni mwizi.

Nikapuliza tena ili Leonidas atembee, na milango mingine ikafunguka, safari hii wakatoka na mapanga. Leonidas akageuka, akawaona, akakimbia kuliko siku zote. Mungu anisamehe, kwa sekunde moja niliufurahia mwendo wake.

Walimzingira kisimani. Nilipofika, mzee akanigeukia akihema.

"Tumemshika, mwanangu. Amekuibia nini?"

Leonidas, mikono juu, naye akanitazama akingoja jibu. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwangu.