Tumbo la Ngamia Lilipokaa Kimya

Kila asubuhi, kabla hajavaa buti za mpira, Ardo alikuwa akimwegemea ngamia wake na kumtegea sikio ubavu wa kushoto. Tumbo likinguruma, anakwenda zake machinjioni, hapo Wajir mjini, kuosha matumbo ya wanyama wa watu.

Ukame ulimwachia ngamia huyo mmoja tu, na alikuwa na mimba kubwa. Akizaa, kutakuwa na maziwa, naye Ardo atarudi malishoni Buna kwa jamaa zake. Akifa, basi ni kuosha matumbo mpaka uzee.

Asubuhi moja tumbo likawa kimya. Ya pili, vilevile. Ngamia amejaa majani, lakini hacheui, na mbavu zimeanza kuhesabika.

"Mlimpa nini?" akauliza Musembi, Mkamba aliyekuwa mkaguzi wa nyama pale machinjioni, Ardo alipomweleza.

"Alikuwa anakohoa. Ndugu yangu Abdirizak akanunua vidonge dukani, vile vya rangi mbili. Tukamezesha yeye kumi na mbili."

"Dawa ya watu! Kumi na mbili!"

"Kwani ngamia si mkubwa?"

Musembi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, ngamia hawezi kumeng'enya majani peke yake. Tumboni mna bakteria. Wanatoa kimeng'enya kinachokatakata zile nyuzi ngumu mpaka zinakuwa sukari. Wanakula wao, na wao ndio wanamlisha ngamia. Vidonge vimewaua. Sasa ameshiba, na anakufa njaa."

Ardo akafikiri. "Kumbe hao ndio nafuga mimi."

"Ndio hao."

"Na kila siku namwaga wao kwa shimo hapa!"

Kesho yake machinjioni akachinjwa ngamia wa watu, mwenye afya, Musembi akamkagua, akasema ni safi. Ardo akakamua majani ya tumboni kwa kitambaa, akajaza jerikeni maji yale ya kijani, akaifunga kwa shuka isipoe, akapanda bodaboda.

"Mama, hiyo kitu inanuka!" Abdullahi, mwenye pikipiki, akalalamika. "Weka mbali na shingo yangu."

"Endesha wewe. Humu nimebeba wafanyakazi."

Nyumbani Abdirizak akashika kichwa cha ngamia, Ardo akamnywesha kwa chupa, polepole. Jioni, hakuna kitu. Siku ya pili wakarudia. Siku ya tatu, adhuhuri, donge likapanda kooni, taya zikaanza kwenda huku na huku. Abdirizak akapiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Ardo alikaa tu mchangani, akasema alhamdulillahi, akamtazama akicheua mpaka chai ikapoa.

Baada ya miezi miwili ngamia akazaa jike. Ardo akaenda machinjioni, watu wakadhani amekuja kazini. Akampa Musembi kibuyu cha maziwa, akamwonyesha Ramlo, msichana aliyeshika nafasi yake, jinsi ya kugeuza utumbo bila kuupasua.

"Utarudi lini?" Musembi akauliza.

"Nirudi kufanya nini, daktari?"

Akatoka langoni. Nje Abdirizak alikuwa anamngoja na ngamia na mtoto wake, wakashika njia ya Buna. Machinjioni hajaonekana tena.