Mama Nembo na Gemu la Sisimizi

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna sare ya shule iliyotoka kwenye karakana ile ya ushonaji ikiwa na nembo ambayo haikupita mikononi mwa Mama Nembo. Alizidarizi kwa cherehani ya miguu, ishirini kwa siku, na ole wako umwambie herufi imekaa upande. Kisha Jumatatu moja mwenye karakana akaingiza mashine mpya ya kudarizi, imeunganishwa na kompyuta. Akawaonyesha mafundi mara moja jinsi ya kuchora, kukuza na kupunguza.

"Ijumaa kila mmoja atachora humu nembo ya mwenge na kitabu," alisema. "Itakayoenea vizuri kwenye mfuko wa shati, mchoraji wake ndiye atakayekaa na mashine. Wengine mtashona vifungo."

Vifungo! Mama Nembo mzima ashone vifungo! Maisha yake yote hakuwahi kushika kipanya. Kompyuta nyumbani ilikuwepo, ila ilikuwa ya mumewe, dereva wa lori mstaafu, aliyeshinda mbele yake akicheza gemu la sisimizi. Unamwongoza mdudu kwa kipanya kwenye kijia chembamba mpaka shimoni kwake. Akigusa ukingo tu, amekufa, unaanza upya. Mama Nembo alikuwa akimwita mumewe "mtoto mwenye mvi". Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jioni ile alimwekea chai, akakohoa.

"Baba watoto, hako kasisimizi kako... kanaendeshwaje?"

Mzee alikunywa chai kwanza, ili aufaidi vizuri ushindi wake. "Si ulisema ni utoto?"

"Nifundishe, bwana, maji yamenifika shingoni!"

Akakaa. Akasukuma kipanya kulia, kulia, mpaka ukingoni mwa meza.

"Meza imekwisha!" alipiga kelele.

"Kiinue, mama, ukirudishe katikati, uendelee. Unafikiri mimi nimenunua meza ya maili tano?"

Siku ile sisimizi alikufa mara arobaini. Mzee alicheka kila mara, na kila mara mkewe akamwambia anyamaze, akaanza tena. Alhamisi, alipotoka kazini, alimfikisha sisimizi shimoni bila kugusa popote. Aliruka, akamkumbatia mumewe mpaka miwani ikaanguka. Furaha ya namna hiyo anaijua mtu aliyejifunza jambo ukubwani, na mimi sitaki kumsikia mtu akiniambia gemu ni upuuzi.

Ijumaa wenzake wawili walitangulia, wakatoa mienge iliyofanana na karoti. Zamu yake ilipofika alipiga moyo konde, akashika kipanya. Alichora mwenge, kitabu kilichofunguliwa na herufi za shule, polepole kama anayempitisha sisimizi kijiani. Mashine ikanguruma, mafundi wote wakainama kutazama. Nembo ilitoka safi kabisa! Mwenye karakana akaiweka juu ya mfuko wa shati. Ilizidi kwa upana wa kidole kila upande.

Mama Nembo alielewa kosa lake papo hapo, na lilimuuma. Fundi hakati kitambaa bila kuacha akiba ya kukunja, na mkono wake ulikuwa umeiacha akiba hiyo hata kwenye kompyuta, ambako hakuna kinachokunjwa.

"Pole, mama," alisema mwenye karakana, akinyoosha mkono kuzima.

"Usizime! Amekufa mmoja tu, naanza upya!"

"Nani amekufa?" aliuliza fundi mmoja kwa hofu.

Mama Nembo alikuwa ameshashika kipanya. Kwenye cherehani yake, kosa kama lile lilikuwa kazi ya kufumua na kuharibu kitambaa. Hapa alishika kona ya mchoro, akaivuta ndani polepole, na mwenge, kitabu na herufi vyote vikapungua pamoja. Yaani kosa la nusu siku linafutika kwa kidole kimoja! Mashine ikanguruma tena.

Mwenye karakana aliiweka nembo ya pili mfukoni. Akaligeuza shati huku na huku akitafuta dosari, akaikosa.

"Basi," alisema, "mashine ni yako, Mama Nembo."

Alitaka kumpa mkono wa pongezi, lakini mkono wa Mama Nembo ulikuwa bado kwenye kipanya. Alikuwa ameshavuta kiti karibu, macho yanamng'aa.

"Haya, hiyo imekwisha," alisema. "Inayofuata ni ya shule gani?"